Daftari la Kelele za Fernand

Novemba 11
Karani wa ofisi ya meya kaniambia leo: "Bibi Pourchet, malalamiko bila daftari ni porojo tu. Andika siku, saa na kelele yenyewe. Ukija na majira mazima ya baridi, msuluhishi hawezi kukupuuza." Basi naandika.

Mimi ni Josiane Pourchet, mjane, umri wangu miaka hamsini na tisa. Kazi yangu ni kugonga jibini. Kati ya nyumba yangu na ya Fernand Cuenot pana uchochoro wa mita nne. Mwezi uliopita Fernand alifunga pampu ya joto, mashine ya kupasha nyumba, ukutani kwake, upande wa kwangu. Angeweza kuifunga upande wa malisho, waliko ng'ombe wasioweza kuandika malalamiko.

Kelele yenyewe: nyembamba, ya juu, haikatiki. Ni kama birika la nyumba ya pili ambalo hakuna anayeliondoa motoni. Ilianza wiki ile ile pampu ilipofungwa. Sina la kuongeza.

Novemba 12
Saa kumi na mbili asubuhi, ipo. Saa kumi na mbili jioni, ipo.

Novemba 13
Ipo.

Novemba 16
Msuluhishi atataka kujua kama nina ugomvi na Fernand, kwa hiyo niandike mapema. Tunafanya kazi ghala moja. Ni magurudumu elfu ishirini ya jibini juu ya mbao, kila moja kilo arobaini. Unaligonga kwa kinyundo, unasikiliza. Jibini zima hujibu kwa sauti nzito, iliyoshiba. Lenye ufa ndani hujibu kitupu, nawe unalichora msalaba wa chaki, linauzwa kwa bei ya chini. Nina miaka thelathini na moja na kinyundo mkononi. Masikio haya hayajanidanganya hata siku moja, na ghala zima linajua. Mimi nikisema kuna mlio, basi mlio upo.

Miaka sita iliyopita nafasi ya mgongaji mkuu ilikuwa wazi. Fernand aliitaka, nikapewa mimi. Akanipa mkono akasema, "Umestahili, Josiane." Mtu anayekwambia umestahili huku anatabasamu ni wa kukaa naye chonjo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Novemba 19
Nimemkuta kwa mwoka mikate.

"Fernand, mashine yako itaniua."

"Itakuua vipi? Mimi nakaa nayo ukuta mmoja na siisikii."

"Utasikia nini wewe? Ndiyo maana u wa pili."

Wote dukani wakacheka, naye pia akacheka. "Haya mkuu, nimesikia. Nitamwita fundi aitazame."

Hakusema lini. Kicheko chake hakikufika machoni.

Novemba 23
Nilikwenda kwa Daktari Anselmet kuchukua vidonge vyangu vya presha, nikamtajia pampu, maana silali vizuri. Badala ya kunihurumia akaanza kunihoji.

"Unaisikia sikio moja au yote mawili?"

"Mlio uko nje, Daktari. Unaingia kwa masikio yote, kama mlio wowote."

"Unapiga pamoja na mapigo ya moyo?"

"Haupigi. Umenyooka."

"Na ukiwa ghalani, mbali na hiyo pampu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ghalani pia naisikia, kwa sababu imekwisha kunigandia kichwani usiku kucha, kama harufu ya kitunguu mikononi. Akanichungulia masikioni kwa taa. Akasema nta haimo, ngoma ziko salama, na kwamba huenda mlio unatoka kwenye masikio yenyewe. Eti ni jambo la kawaida kwa watu wa umri wangu waliofanya kazi karibu na mashine za kusugulia jibini. Kaniandikia barua niende mjini Besançon kupimwa.

"Na mpaka siku hiyo," akasema, "usikae kimya kabisa. Washa redio kwa sauti ndogo."

Kelele juu ya kelele! Nikatoka. Njiani nikakumbuka kwamba mume wa daktari huwinda nguruwe pori na Fernand kila Jumapili.

Barua nimeitia kwenye droo ya vijiko. Mgonga jibini mwenye masikio mabovu si mgonga jibini tena, ni bibi aliyeshika nyundo. Watanipa maua na saa ya ukutani, na Fernand atapewa kinyundo. Kwa hiyo ni pampu. Lazima iwe pampu.

Novemba 30
Nimeziba masikio kwa vizibo vya mpira, nikafunga na kitambaa juu. Mlio ukazidi! Sijawahi kuona mashine yenye ujeuri kama hii.

Desemba 3
Barua ya ofisi ya meya imemfikia Fernand. Nilimwona tarishi akimkabidhi. Aliisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena, akatazama dirisha langu. Niliachia pazia.

Desemba 5
Gari la fundi limekuwa kwake tangu asubuhi mpaka saa nane. Kuja kuiongezea nguvu, bila shaka.

Jioni: ipo. Nilijua.

Desemba 6
Mama Léontine, mama yake Fernand, ana miaka themanini na minane na magoti mabovu. Kavuka uchochoro kwa mkongojo kuniletea mkate wa asali na viungo, kama anavyofanya kila sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi.

"Josiane mwanangu, mmegombana na Fernand? Hataki kuniambia."

"Hatujagombana, Mama. Ni mambo ya ofisi."

"Ofisi gani tena? Mlikuwa mnachota maji ndoo moja nyie." Akanishika shavu kwa mkono wake. Mkono ulikuwa wa baridi. Wazee damu yao haitembei.

Mkate nimeula. Lakini hongo ni hongo, hata ikiwa tamu.

Desemba 9
Saa moja asubuhi, Fernand anapasua kuni. Kelele mpya hiyo, naiandika kwa wino mwekundu. Ana pampu ya joto ukutani, kuni za nini? Ananikomoa tu.

Desemba 10
Anapasua kuni. Pampu ipo.

Desemba 12
Theluji ya nusu mita. Kijiji kizima kimenyamaza, hakuna gari wala mbwa. Pampu imezidi. Hata theluji haiizuii.

Desemba 14
Kuni. Moshi bombani mchana kutwa, unaingia mpaka kwenye nguo nilizoanika darini. Pampu ipo.

Desemba 20
Leo nimemkamata.

Nilikuwa nimemaliza safu ya kumi na nne kabla ya chakula cha mchana. Nilirudi mapema kwa sababu nilisahau miwani. Fernand alikuwa mbele ya safu yangu, nyundo mkononi, anagonga magurudumu niliyokwisha kuyagonga. Halafu, kwa macho yangu mawili, nikamwona analamba kidole gumba na kufuta msalaba wangu.

"Unafanya nini hapo?"

Aliruka kama mwizi. "Josiane. Nilidhani uko mezani."

"Nimeona ulivyodhani. Tangu lini wa pili anamkosoa wa kwanza?"

"Tangu wiki tatu."

Hata hakuona haya! Nikamwambia ashushe nyundo. Akaishusha. Akasema polepole, kama anavyosema na mama yake, "Misalaba tisa kwenye safu moja, Josiane. Safu hii kwa kawaida hutoa mmoja. Nimeyatoboa yote tisa nikatoa vipande. Ni mazima. Ungeyauza bei ya chini mazima tisa."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Unaniandikia kupitia meya. Mimi nikuandikie kupitia nani, Papa?"

Nilimuuliza kama mwenye ghala anajua. Akasema hajamwambia mtu. Nikacheka. Hajamwambia mtu! Mtu hakusanyi makosa ya mwenzake wiki tatu ili ayale kwa supu. Mwenye daftari humjua mwenye daftari. Atangoja mpaka yatimie hamsini, halafu atayapeleka yote kwa mpigo.

Ni kweli kwamba siku hizi nikigonga, ule mlio unakaa juu ya sauti ya jibini, na mimi naogopa kupitisha ufa. Nikiwa na shaka nachora. Lakini kosa ni la nani? Yeye ananinyima usingizi nyumbani, halafu anahesabu makosa yangu kazini. Mpango mzuri huo, na umepangika.

Desemba 25
Viazi, jibini la kuyeyusha, soseji ya moshi, peke yangu. Ipo.

Januari 4
Gari la wagonjwa limemchukua Mama Léontine saa nne asubuhi. Kifua. Walimfunika mablanketi mpaka puani. Fernand alipanda naye bila kofia. King'ora nimekisikia mpaka kona ya kanisa, lakini hicho sikiandiki kwenye hesabu.

Maskini. Joto la mashine hukausha mapafu. Nilisema tangu mwanzo pampu ile si kitu kizuri.

Januari 5
Nyumba ya Cuenot haina mtu. Pampu ipo. Anaiacha inaunguruma nyumba tupu!

Januari 9
Ipo. Nimetupa sahani sakafuni. Sikuikusudia, au niliikusudia kidogo.

Januari 17
Barua ya msuluhishi: Januari 29, saa tatu asubuhi, ofisi ya meya. Kila mtu aje na vielelezo vyake. Vyangu ni kurasa arobaini na moja. Tuone atakuja na nini.

Januari 22
Ipo. Siku saba zimebaki.

Januari 29
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Msuluhishi, Bwana Roussel, ni mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya upole na fulana ya sufu. Tulikaa watatu kwenye meza wanapofungishia ndoa, chini ya ramani ya kijiji. Fernand alikuwa amekonda. Alinisalimu, nikaitikia kwa kidevu.

Bwana Roussel akasema, "Bibi Pourchet, wewe ndiye mlalamikaji. Tusomee."

Nikasoma. Niliruka maoni yangu, nikasoma siku na saa peke yake. Nilisoma vizuri. Novemba yote. Desemba 5, jioni, ipo. Desemba 10, ipo. Nilipofika Desemba 14 Fernand aliinua mkono kama mtoto darasani.

"Samahani, Bwana Roussel. Nimechoka kusikiliza." Akatoa karatasi moja mfukoni, imekunjwa mara nne. "Hii ni ya fundi. Ina muhuri."

Bwana Roussel akaisoma kimoyomoyo, akavua miwani, akaivaa tena.

"Bibi Pourchet, hapa fundi anathibitisha kwamba pampu ilizimwa Desemba 5 saa nane mchana. Ametoa fyuzi na kumwaga maji ya mabomba ili yasigande. Haijawashwa tena mpaka leo." Akanitazama. "Hebu soma tena Desemba 12."

Nilisoma, maana sikujua la kufanya. "Pampu imezidi. Hata theluji haiizuii."

Bwana Roussel aliweka karatasi mezani. Na katika kimya kile, pale ofisini, mita mia sita kutoka kwa Fernand, niliusikia. Ule ule, mwembamba, wa juu. Walinitazama wote wawili na hawakuwa wanausikia.

"Uongo," nikasema. "Fundi ni rafiki yake."

"Nenda kaiguse basi," akasema Fernand. "Ni baridi kama kaburi. Niliizima ili upate amani. Nilingoja uje useme, Fernand, afadhali, imekwisha. Badala yake ukawa unapita unaninunia. Nikasema labda ni hasira tu, zitapoa. Halafu misalaba ghalani ikazidi, ndipo nikaelewa ni masikio yako. Ila wewe mwenyewe husemeki!"

"Mbona hukuiwasha tena, ulipojua si hiyo?"

"Barua ya meya ilisema ikizimwa isiwashwe tena mpaka kikao. Mimi nikiambiwa na ofisi nafanya." Akaufuta uso kwa kiganja. "Tukarudi kwenye kuni. Jiko liko chini, chumba cha mama kiko juu. Joto halifiki. Nilimwambia alale jikoni, akasema yeye si paka."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kuni, moshi, mkono wa baridi shavuni pangu. Yote niliyaandika mwenyewe kwa mkono wangu, mengine kwa wino mwekundu, na sikuona. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani. Bwana Roussel aliniuliza kama naondoa malalamiko. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nataka maji. Nikasema hapana, nikatoka bila koti langu, na Fernand ndiye aliyeniletea mpaka barabarani. Afadhali angenitukana.

Januari 30
Leo sikuandika saa.

Februari 1
Nilikwenda hospitali kumwona Mama Léontine. Amelala na mpira wa hewa puani. Nilikaa nusu saa nikashindwa kumwambia. Nilipotoka akaniuliza kama nakula vizuri.

Februari 2
Nimetoa barua ya Daktari Anselmet kwenye droo ya vijiko.

Februari 7
Besançon. Bwana Tissot, mpima masikio, kijana mwenye ndevu nadhifu. Nilimsubiri aanze kuniuzia kitu. Rafiki yangu wa posta aliniuzia matone ya majani, dada yangu kanitumia picha ya mkanda wa sumaku. Kila mtu ana dawa ya masikio na kila dawa ina bei.

Alinifungia kwenye chumba kidogo, nikabonyeza kitufe kila niliposikia sauti. Baada ya robo saa akanionyesha mstari kwenye karatasi. Upande wa kushoto, wa sauti nzito, ulikuwa juu, umetulia. Upande wa kulia ulianguka kama mteremko wa kuteleza theluji.

"Hapa, kwenye sauti nyembamba, umepoteza kwa miaka mingi, Bibi. Taratibu, ndiyo maana hukujua. Ubongo ukizikosa hujaza pengo wenyewe. Huo ndio mlio wako. Haumo nje, lakini pia hujautunga. Unausikia kweli."

"Una kidonge?"

"Hakuna kidonge kinachouzima. Atakayekuuzia, mkimbie."

"Na wewe unauza nini?"

Akacheka. "Vifaa viwili vya masikio. Utavijaribu mwezi mzima bila kulipa, visipokufaa unarudisha. Vikikuletea sauti za nje ulizozikosa, mlio hukosa nafasi ya kutamba. Nyumbani usikae kimya. Kimya ndicho kinaukuza. Vile vizibo ulivyonitajia vitupe. Na kuna mama mmoja hapa ghorofa ya pili, mwanasaikolojia, vikao vinane. Hakufundishi kutousikia. Anakufundisha kutoupa kiti kila ukija."

"Utaisha lini?"

"Sitakuuzia kimya, Bibi Pourchet. Huenda usiishe. Lakini wengi, baada ya mwaka au mwaka na nusu, wanakuwa nao bila kuushughulikia."

"Na hao wachache?"

"Wachache huendelea kusumbuka. Hao hatuwaachi."

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nianze kumwamini, kidogo. Mwongo angesema wote hupona. Nikamwuliza lile nililoliogopa tangu Novemba, kama bado naweza kugonga jibini, nikaigonga meza yake kwa kifundo cha kidole ili aelewe. Akaweka kalamu kwenye upande wa kushoto wa mstari.

"Jibini lako liko hapa, na hapa unasikia kama msichana wa miaka ishirini. Ulikosea kwa sababu hulali na ulikuwa na hofu."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la kituo cha treni nikalia, na treni ya kwanza ikaniacha.

Februari 15
Siku ya tano tangu nipewe vifaa. Mfuko wa mkate unapiga kelele za aibu. Theluji inalia chini ya viatu. Nilikuwa nimesahau kwamba theluji hulia. Mlio upo, lakini umejibanza pembeni.

Februari 19
Siku mbaya. Mlio tangu alfajiri, umejaa kichwa kizima. Nilidhani Tissot kanidanganya. Niliwasha redio ndogo, nikamenya viazi vingi kuliko ninavyoweza kula.

Februari 24
Nilimfuata Fernand kwenye safu ya tatu, mbele ya watu. "Gonga nyuma yangu," nikasema. "Safari hii nakuomba, usijifiche."

"Una hakika, mkuu?"

"Gonga, nimesema."

Tulikwenda safu mbili, mimi mbele, yeye nyuma. Nilichora msalaba mmoja tu. Akalitoboa jibini lile, akatoa kipande, akakiinua kwenye taa. Ufa ulipita katikati. Akanipa kipande nikile. Halafu nikaenda ofisini kwa mwenye ghala nikamweleza yote mwenyewe, kuanzia ile misalaba tisa. Kasema kwa mwezi mmoja tutagonga wawili wawili, kisha ataona.

Februari 27
Vifaa nimevilipia. Leo mlio nimeukumbuka saa sita mchana. Asubuhi yote sijui ulikuwa wapi. Nilipoukumbuka tu, ukaja.

Machi 3
Mama Léontine amerudi. Walimpandisha ghorofani kwa kiti, watu wawili. Saa tisa Fernand alibisha mlangoni kwangu, fyuzi mkononi.

"Josiane, nimekuja kuomba ruhusa. Daktari amesema chumba kisipungue nyuzi ishirini."

Akaniomba ruhusa! Mimi! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia atangulie, nami nikavaa koti nikamfuata uchochoroni.

Alirudisha maji mabombani, akafungua kisanduku, akaingiza fyuzi. Feni ikasita, ikazunguka. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake na vifaa vyangu masikioni. Ilikuwa sauti ya chini, nzito, ya polepole, kama ng'ombe anayepumua zizini. Niliisikiliza kwa muda mrefu. Sikuwahi kuisikia hata siku moja. Kurasa arobaini na moja nilizoandika, hakuna hata mstari mmoja uliokuwa wake.

Juu yetu dirisha likafunguka. Mama Léontine alichungulia na shali kichwani, midomo bado ina rangi ya majivu.

"Josiane mwanangu, inakusumbua? Sema tu. Fernand aizime, mimi baridi nimeshaizoea."

Fernand alitazama viatu vyake. Nikainua uso dirishani.

"Hainisumbui, Mama. Funga dirisha. Funga dirisha, nakuomba, joto linatoka."